Dawa ya Dakika Kumi

Asubuhi ile uji wote ulimwagwa. Ulikuwa umejaa sufuria kubwa ya jiko la kijiji, uji wa mahindi uliotiwa maziwa, na watoto wa chekechea walikuwa wameshapanga foleni na vikombe vyao vya bati. Jenoveva, mke wa mwenyekiti wa kijiji, aliishika sufuria upande mmoja kwa matambara, akawaamuru wanawake wawili washike upande wa pili, wakaiinamisha mtaroni. Mbwa wakaja kulamba. Mbwa hawakuogopa kitu.

Yudith alisimama karibu na mafiga, mwiko bado uko mkononi.

"Weka huo mwiko chini," alisema Jenoveva. Halafu akaona watoto wanauangalia. "La, usiweke. Utie motoni."

Yudith akautia motoni. Ulikuwa mwiko wake mwenyewe, alikuja nao kutoka kwao Bungu alipoolewa.

Kosa lake lilikuwa moja. Moto ulikuwa mkali, akafungua kanga aliyokuwa akijifunga shingoni kila siku, baridi au jua. Wanawake wakaona mabaka. Yalianza nyuma ya sikio, yakashuka shingoni mpaka begani, meupe meupe kama mtu aliyenyunyiziwa unga akasahau kujifuta. Wakati mwingine mtu angesema ni mba, akaendelea kuchambua maharage. Lakini mwaka ule, miaka miwili baada ya watu kuhamishwa kutoka kwenye vitongoji na kujengewa pamoja hapa Malindi ya milimani, mzee mmoja wa mtaa wa juu alikuwa amechukuliwa kupelekwa kambi ya wakoma. Tangu siku hiyo watu walikuwa wakikaguana hata kucha.

"Mama Mwenyekiti," alisema Rehema, aliyekuwa akipika pamoja na Yudith, "hiyo si mba tu? Ndugu zangu kule Mnazi wanayo wengi, ni jasho la kule bondeni."

"Wewe umekuwa ukila naye sahani moja. Au nawe tukukague?"

Rehema akavuta mtandio wake. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa njaa. Jenoveva akamwambia anyamaze, kwani amenusurika.

Kibanda cha maziwa kilikuwa ng'ambo ya njia, mkabala na jiko. Hapo alikaa Fanueli, mume wa Yudith, mpokeaji wa maziwa ya kijiji. Kila asubuhi watu walileta maziwa kwa ndoo, naye aliyaonja, akayachuja kwa kitambaa, akayagawa: mengine kwa watoto, mengine kwa gari la mjini. Alikuwa mtu nadhifu. Shati lake lilifungwa vifungo vyote, mpaka cha kooni. Watu walimsifu kwa hilo, wakisema kijana huyu alijifunza ustaarabu huko mashamba ya mkonge alikofanya kazi kabla ya kuoa.

Fanueli aliona uji ukimwagwa. Aliendelea kuchuja.

*

Jioni Jenoveva alifika nyumbani kwao. Hakukaa. Alisimama uani, akakunja gauni lake kidogo lisiguse kizingiti.

"Onga mshi, Mama Fanueli," alimsalimu kwa Kisambaa Dorkasi, mama mkwe wa Yudith.

"Hongea. Karibu ukae."

"Sikai. Nimetumwa na mwenyekiti. Kamati imekaa. Yudith asionekane jikoni, wala bombani watu wakiwepo. Mtoto alale kwako, asinyonye. Tunamvumilia mpaka Sikukuu ya Mavuno. Akipona, atarudi kupika kama zamani. Siku hiyo mabaka yakiwepo, aende kwao Bungu, kamati ya huko itajua la kumfanyia."

"Na Eunike?" aliuliza Yudith. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Mtoto wangu, Eunike?"

Jenoveva alimjibu Dorkasi, si yeye. "Mtoto ni wa ukoo. Atabaki."

"Hayo ni ya haki," alisema Dorkasi. "Mtoto ni wa ukoo."

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Hakumchukia mkwe wake. Alikuwa amezika watoto watano, akabaki na Fanueli peke yake, na sasa kulikuwa na mjukuu huyu mmoja. Alimnyanyua Eunike kutoka miguuni kwa mama yake, akamfunga mgongoni. Eunike alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alidhani ni mchezo, akacheka.

Chumbani Yudith alimsubiri mumewe avue viatu.

"Fanueli, sema basi."

"Niseme nini?"

"Kwamba hata wewe unayo. Tena ulikuja nayo wewe. Umejaa mgongo mzima. Wakiona wewe hukuoza vidole miaka yote, wataamini si ukoma."

Fanueli akaangalia mlango. "Sema polepole. Nikisema, nani atakunywa maziwa yaliyopita mikononi mwangu? Watanitoa kibandani. Nitarudi kukata mkonge? Nyinyi mtakula nini?"

"Wamenitoa mimi."

"Wewe utapona. Kesho tunakwenda zahanati. Ukishapona, mambo yote yamekwisha, na mimi nitajitibu kimyakimya. Kwa nini tuanguke wote wawili?"

Yalisikika kama maneno ya busara. Yudith aliishia darasa la tatu, na mumewe alikuwa amemaliza la saba. Alizoea kuona kwamba akili yake inaishia pale ya Fanueli inapoanzia. Akalala chini kwenye mkeka, kama kamati ilivyoagiza, na matiti yalimvimba kwa maziwa yasiyo na mtu.

*

Habari ilifika zahanati kabla yao. Watu waliokuwa kwenye benchi walinyanyuka wote kwa pamoja Yudith alipotokea, na mama mmoja akafunika pua ya mtoto wake.

"Asiingie!" Selemani, mganga wa zahanati, alipiga kelele kutoka dirishani. "Abaki hapo hapo kwenye ua. Ageuke. Afungue shingo."

Yudith akageuka, akafungua shingo mbele ya watu wote. Selemani alitoa mkono dirishani, akamwelekezea kalamu kama mtu anayeonyesha mbuzi wa kununua.

"Yanawasha?"

"Kidogo. Nikitoka jasho."

"Funika. Mwanamume aingie."

Ndani, Selemani alifunga mlango. "Si ukoma," alimwambia Fanueli. "Baka la ukoma haliwashi. Ukilichoma sindano, mtu hasikii. Hii ni mba."

"Basi toka uwaambie watu, daktari."

"Niwaambie, halafu wakimbie zahanati waseme naficha wakoma? Waambie wewe." Akafungua kabati, akatoa chupa yenye maji mazito ya rangi ya chungwa. Alipoizibua, chumba kikanuka mayai viza. "Sasa nisikilize vizuri, maana chupa ni hii moja. Dawa hii ina seleniamu. Ni madini. Inaua ukungu unaoleta mba. Apake penye mabaka, akae dakika kumi, kisha aoshe kwa maji mengi. Dakika kumi tu. Kila siku, kwa wiki moja."

"Dakika kumi."

"Na isiguse kidonda wala mkwaruzo. Juu ya ngozi ni dawa, ndani ya damu ni sumu. Ikiingia, mtu hutapika, hutetemeka, kinywa kinanuka kitunguu saumu, hata nywele hung'oka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tena msitazamie mabaka yaondoke mara moja. Mba inakufa mapema, lakini rangi ya ngozi hurudi polepole. Inaweza kuchukua miezi."

Fanueli aliipokea chupa kwa mikono miwili. Akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Na mwingine nyumbani akiwa nayo?"

"Atumie hiyo hiyo. Wewe unalala naye. Huna?"

"Sina," alisema Fanueli, na mkono wake ukaenda kukifunga kifungo cha kooni, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Njiani Yudith alitembea nyuma yake. "Amesemaje?"

"Si ukoma."

"Ahsante Mungu! Na dawa?"

"Unapaka."

"Basi?"

"Unapaka. Mama anajua mambo ya dawa, atakusaidia."

*

Dorkasi aliinusa chupa, akakunja uso. Aliridhika. Dawa isiyonuka hakuiamini.

"Anasema si ukoma," alisema Fanueli.

"Angesemaje? Hata yule mzee wa juu waliambiwa si ukoma mpaka gari lilipokuja." Akaiweka chupa juu ya kigoda, akaingia ndani, akarudi na wembe mpya na kipande cha chumvi. "Yudith, kaa hapa juani. Vua kanga."

Katika nyumba ile hakuna dawa iliyowahi kupakwa juu ya ngozi nzima. Mtoto akiumwa mbavu, alichanjwa penye mbavu, unga wa mizizi ukasuguliwa kwenye chale. Mtu akivimba goti, alichanjwa goti. Mchungaji alikataza chale, akahubiri dhidi yake kila mwaka, lakini baba yake mchungaji alichanjwa na mama yake Dorkasi na akaishi hadi kuona vitukuu. Dorkasi alijua jambo hili kama alivyojua kupanda maharage: ugonjwa uko damuni, na dawa lazima ifunguliwe mlango.

Fanueli alikuwa ameketi kizingitini. Aliuona wembe. Akafungua kinywa.

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari alimgusa?"

"Hakumgusa."

"Alimtazama kwa dirisha, kama anayeuza stempu. Halafu anifundishe kuchanja? Dawa ya kupaka juu juu inaoshwa na jasho la siku moja. Sikukuu ya Mavuno iko karibu. Au unataka mkeo aende Bungu?"

"Sitaki."

"Basi niletee maji, halafu utuache."

Fanueli akafunga kinywa chake. Labda alimwogopa mama yake, maana wengi walimwogopa. Lakini lilikuwapo na jambo jingine, dogo na chafu, lililopita moyoni mwake pale kizingitini: kadiri macho yote yanavyokuwa kwa Yudith, hakuna anayeuliza kuhusu shati. Wazo hilo lilimtia aibu. Hakulifukuza. Akaenda kuchota maji.

Dorkasi alichanja vizuri, kwa mkono mwepesi, chale fupi fupi zilizopangwa kama mishono, kila baka na chale zake. Yudith alilia mara ya kwanza tu. Kisha dawa ya rangi ya chungwa ikamwagwa kiganjani, ikasuguliwa kwenye damu. Iliwaka kama pilipili. Dorkasi akazungushia kitambaa, akafunga.

"Hakuna kuoga shingo mpaka nikuambie. Iache ifanye kazi."

Siku iliyofuata alirudia. Na iliyofuata. Mabaka hayakuondoka. Yalizidi kuonekana meupe kwa sababu ngozi iliyoyazunguka ilivimba ikawa nyeusi zaidi.

"Tumeichanja kidogo mno," alisema Dorkasi. Akaongeza chale.

*

Kwanza kilikuja kichefuchefu. Kisha ladha ya chuma mdomoni, kama mtu anayenyonya msumari. Yudith alikula ugali akautapika, akanywa maji akayatapika. Mikono ilianza kutetemeka. Alipochambua mchicha, majani yalimtoka vidoleni. Alipofungua kitambaa cha kichwa asuke nywele, kitana kilitoka na kifungu kizima. Akakificha kwenye ukuta, penye ufa.

Na alinuka. Harufu haikutoka kwenye kitambaa cha shingo, ingawa hicho nacho kilioza. Ilitoka kinywani, kitunguu saumu kikali, siku nzima, kwa mtu ambaye hakuwa amekula kitunguu saumu wala kitu kingine. Aliposema "Shikamoo, mama," Dorkasi aligeuza uso.

Eunike aliletwa mlangoni mara moja kwa siku, amwone mama yake kwa mbali. Mara ya kwanza alinyoosha mikono akalia. Baadaye akawa anaangalia tu. Yudith alikamulia maziwa yake nyuma ya migomba, chini, akayafukia kwa kisigino ili kuku wasiyanywe.

Siku moja Dorkasi aliinua chupa kwenye mwanga. Akaitikisa.

"Hii dawa inapungua. Mimi natia kiganja kimoja tu. Nani mwingine anaitumia?"

Fanueli alikuwa akila. Alishusha tonge kwenye sahani, akalichukua tena.

Dorkasi akamsogelea Yudith, akamnusa kama anavyonusa mtu maziwa ya jana. "Fungua kinywa. Fungua! Umeinywa. Ndiyo maana unatapika, ndiyo maana unanuka. Unataka kujiua ukiwa nyumbani kwangu, ukoo wenu waje kudai?"

"Sijainywa, mama."

"Imekwenda wapi?"

Yudith alimwangalia mumewe. Alimwangalia kwa muda mrefu, bila kujua bado anatafuta nini. Fanueli alisema, "Yudith, kama umekunywa, kiri tu. Mama hatakupiga."

*

Aliona kesho yake. Alikuwa amezoea kwenda mtoni jua la mchana, wakati watu wako shamba la kijiji, asikutane na mtu. Alishuka kwa kushikilia majani. Chini, nyuma ya magugu, alisikia maji yakipigwa.

Fanueli alikuwa amekaa juu ya jiwe, kifua wazi, ametoka kibandani. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya chungwa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Kando yake palikuwa na kikopo cha haluwa, kimejazwa nusu kutoka kwenye ile chupa kubwa. Alikuwa ameivua saa yake, ile aliyonunua mkongeni, ameiweka gotini, na alikuwa akiitazama. Hakufanya jambo lingine. Aliitazama saa kama mtu anayesubiri treni.

Kisha akanyanyuka haraka, akaingia majini, akajiosha. Alijiosha kwa sabuni, kwa uangalifu, mkono mmoja na mwingine, akajimwagia maji kwa kibuyu tena na tena mpaka povu likatoka jeupe. Akajinusa kwapa. Akavaa shati. Akafunga vifungo vyote.

Alipogeuka, Yudith alikuwa amesimama pale.

"Wewe unaosha," alisema Yudith.

Fanueli akaangalia juu ya kilima, kisha chini. "Mimi nina kidogo."

"Unaosha. Mimi nimeambiwa nisioge."

"Kila mtu na dawa yake. Yako iko damuni."

"Nani alisema?"

"Yudith, kumebaki siku chache. Vumilia. Usiharibu mambo yetu sasa." Akampita, kwa upande wa pili wa njia, kwa sababu ya harufu. Hata yeye alizuia pumzi. Yudith alimwona akizuia.

Hakuchota maji siku ile. Alikaa kwenye lile jiwe, ambalo lilikuwa bado na joto la mumewe, akafungua kitambaa cha shingo, akaosha. Aliosha mpaka chale zikaanza kutoa damu safi. Jioni Dorkasi alimkemea kwa hilo, lakini Yudith hakukubali tena kufungwa, na kwa kuwa chupa ilikuwa imebaki tone, Dorkasi akamwacha.

*

Sikukuu ya Mavuno ilikuwa na jua. Baada ya ibada watu walitoka uwanjani kwa mnada, kama kila mwaka. Sadaka zote zilikuwa zimepangwa kwenye majani: kabichi, viazi, mikungu ya ndizi, asali, kuku waliofungwa miguu. Mzee wa kanisa, Nathanaeli, alinadi akisimama juu ya beseni la kuogea lililopinduliwa, akichekesha watu. Waislamu wa kijiji walikuwa wamekuja pia, maana mnada ni wa wote. Chini ya mti wa mpeasi Fanueli alikuwa na ndoo za maziwa ya kijiji, amekunja mikono ya shati mara moja tu, akichota kwa kata na kuwajazia watu vikombe. Wageni wa kamati walikunywa kwanza. Jenoveva alikunywa vikombe viwili, akajipangusa povu mdomoni.

Yudith alisimama peke yake kwenye ukuta wa kanisa. Sadaka yake ilikuwa jogoo, wa madoadoa, aliyemlea tangu kifaranga.

Nathanaeli alimshika jogoo kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na koti lake. "Haya, jogoo! Nani ataanza?"

Watu wakageukia kabichi.

"Jogoo mnono. Anawika mpaka Korogwe wanaamka."

"Huyo naye ana mabaka!" alipiga kelele mtu wa nyuma, na uwanja wote ukacheka.

"Alaa, mtampeleka kambini naye?"

"Mwache, Mzee Nathanaeli, atakuambukiza kuwika!"

Rehema alinyoosha mkono, lakini mumewe akaushusha. Nathanaeli, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitafuta pa kumweka yule jogoo, akakosa, akamlaza chini, mbali na kuku wengine.

Hapo Jenoveva akasimama. "Kwa kuwa tuko wote," alisema, "tumalize na lile jambo. Siku ni leo. Yudith, sogea. Fungua shingo."

Yudith akasogea. Watu wakafungua njia pana kuliko alivyohitaji. Akafungua kanga. Mabaka yalikuwapo, na katikati ya mabaka chale, nyingine zimekauka, nyingine zina usaha. Mtu mmoja akasema "Aah!" na kutema mate.

"Mmeona wenyewe," alisema Jenoveva. "Aende leo, wakati bado kuna mwanga."

Dorkasi alikuwa mbele, Eunike mgongoni. Aliangalia chini. Alikuwa amefanya yote aliyojua.

"Fanueli," alisema Yudith, "vua shati."

Hakusema kwa nguvu. Hakuwahi kusema kitu mbele ya watu wengi tangu azaliwe, hata harusini aliitikia kwa kichwa mpaka mchungaji akamlazimisha. Waliokuwa karibu walicheka.

"Mke anamvua mume uwanja wa kanisa!"

"Ugonjwa umepanda kichwani."

"Vua shati," alisema tena.

Fanueli alikuwa na kata mkononi, imejaa. "Msimsikilize. Amechanganyikiwa. Hajala siku nyingi."

"Vua, mwanangu," alisema Dorkasi. Alisema kwa hasira, na hasira yake ilikuwa kwa Yudith. "Vua tumfunge mdomo. Asije akaondoka na kutuachia neno."

"Mama, mbele ya watu?"

"Una nini cha kuficha? Niliyekuogesha ni mimi."

Fanueli hakusogea. Maziwa yalianza kumwagika kutoka kwenye kata, tone kwa tone, juu ya kiatu chake. Dorkasi akamwendea. Alikuwa mfupi, ilibidi anyooshe mikono juu. Alifungua kifungo cha kooni, kisha cha pili, kama alivyokuwa akimfungulia alipotoka shule amelowa mvua, akalivuta shati mabegani, akamgeuza.

Mgongo ulikuwa umejaa. Ulikuwa na mabaka makubwa kuliko ya Yudith, yameungana kama ramani. Ngozi yake ilikuwa safi, imeng'aa, haina hata mkwaruzo.

Kwa muda watu waliangalia mgongo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaangalia vikombe vyao.

Mgeni mmoja wa kamati alitema maziwa palepale, juu ya kabichi za sadaka. Wengine wakafuata. Wanaume wazima walikimbilia ukutani, wakatia vidole kooni. Mama mmoja alimpindua mtoto wake kichwa chini akampiga mgongoni. Jenoveva alitapika mbele ya mlango wa kanisa, akijishika matiti, na kati ya kutapika na kutapika alisema, "Tangu mwaka juzi! Tangu mwaka juzi tunakunywa!" Uwanja ukanuka maziwa yaliyochacha matumboni. Ndoo zikapigwa mateke. Walioweza kusimama walianza kuokota mawe.

"Si ukoma!" Fanueli alipiga kelele. "Sikilizeni! Ni mba! Selemani alisema ni mba! Ukoma hauwashi, na hii inawasha! Dawa ipo, ina seleniamu, unapaka dakika kumi unaosha! Mimi nimeosha, nimepona! Mabaka yanabaki kwa miezi lakini ugonjwa umekufa! Haina ubaya, mradi isiguse kidonda, isiingie kwenye damu, ikiingia ndiyo mtu anatapika na kunuka kitunguu saumu..."

Alisema yote. Hakusahau hata neno moja la Selemani. Aliyasema vizuri, kwa mpangilio, kama mtoto wa darasa la saba anayejibu mtihani, mpaka alipomwona mama yake.

Dorkasi alikuwa bado ameshika shati lake.

"Dakika kumi," alisema Dorkasi.

"Mama..."

"Isiguse kidonda." Aliangalia mkono wake wa kulia, ule wa wembe. "Ulikaa kizingitini. Nikakutuma maji, ukaniletea."

Watu waliokuwa na mawe hawakujua tena wamtupie nani, wakayaachia chini polepole, kila mtu akijifanya hakuwa ameokota. Selemani wa zahanati, aliyekuwa amekuja kununua asali, aliulizwa kama ni kweli. Akasema ni kweli. Akaulizwa kwa nini hakusema. Akasema hakuulizwa.

"Basi yamekwisha," alisema Jenoveva, akijifuta kwa pindo la gauni. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Kumbe ni mba tu. Yudith, mama, si ungesema mapema? Kesho urudi jikoni. Watoto wamekukumbuka."

Dorkasi alifungua mbeleko, akamshusha Eunike, akamkabidhi mama yake. Mikono yote miwili ya Yudith ilitetemeka, lakini hakumwangusha.

Eunike alimtazama. Alipomnusa, alikunja pua, akageuza uso pembeni, kama walivyofanya wengine wote. Kisha mkono wake mdogo ukakumbuka. Ukaingia kwenye gauni, ukatafuta titi.

Yudith aliushika mkono ule. Ikiingia kwenye damu, alikuwa amesema Fanueli. Na maziwa yanatoka wapi kama si kwenye damu? Hakukuwa na mtu pale wa kumuuliza. Waliojua walikuwa wamejua siku zote, na hawakusema.

Akautoa mkono wa mtoto. Eunike akalia. Yudith akamzungusha mgongoni, ambako harufu ya kinywa haifiki, akajifunga mbeleko juu ya chale. Aliuma meno alipokaza fundo. Akamwokota jogoo wake kwa miguu, akashika njia ya Bungu. Watu waliendelea kumpisha, japo sasa walijua kwamba hakuna cha kuogopa. Mtoto alilia mpaka walipopita kona.